Ghuba ya Winam kwenye kona ya tangi langu

Nyuma kulia ndani ya tangi langu la samaki, pale kigogo kinapokaribia kugusa kioo, palikuwa na utando. Rangi yake kijani kilichokolea kikielekea samawati, laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Ukiunyonya kwa mpira unajibandua wote kwa pamoja kama kitambaa kilicholowa. Harufu yake ni ile ya tope la ufukweni Dunga, hapa Kisumu, siku ziwa limetulia na jua limewaka. Nikiutoa Jumamosi, Jumatano umerudi. Miezi mitatu nilikaa nao hivyo, nikauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Tangi lenyewe ni la kawaida. Sentimita 90 kwa 40 kwa 45, fundi wa vioo hapa mjini alilitengeneza kwa vioo vya milimita 8 na silikoni, likawekwa sebuleni kwetu Migosi, upande wenye soketi. Ndani kuna valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Kriptokorini chache za kahawia. Anubiasi nilizozifunga kwa uzi kwenye kigogo. Na samaki, gapi na tetra. Filta ni ile ya mkebe inayokaa chini ndani ya kabati: mpira mmoja unavuta maji, mwingine unayarudisha. Kwenye boksi lake pameandikwa lita 1,000 kwa saa. Ikumbuke nambari hiyo, nitairudia nikiwa na hasira.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sayansi niliiacha kidato cha nne na yenyewe haikunilalamikia. Basi siku moja nikabeba kipande cha utando ule kwenye kichupa cha jemu hadi chumba cha walimu, nikamwonyesha mwenzangu wa Bayolojia.

"Mwalimu, huu si mwani," akasema bila hata kukifungua kichupa. "Hawa ni bakteria. Hukai Kisumu wewe? Nenda pale ghubani utawaona ndugu zao."

Alikuwa akizungumzia sayanobakteria, viumbe wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, ila kwa ukoo ni bakteria. Wa tangini na wale wanaoyageuza maji ya ziwa yawe kama rangi ya kupaka nyumba si ndugu wa tumbo moja, lakini ni ukoo mmoja na tabia zinafanana. Wanapenda joto, wanapenda maji yaliyoshiba mbolea, na wengi wao wanapenda sana mahali ambapo maji hayasumbuki.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, ni mfuko. Nyando inaingia, Sondu-Miriu inaingia, Kibos inaingia, pamoja na kila kitu ambacho mito hiyo imekiokota mashambani na mijini, halafu mdomo wa kutokea kwenda ziwa kuu ni mwembamba, kule Rusinga. Kulikuwa na mdomo wa pili, mlango mdogo kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga. Miaka ya 1980 ukazibwa kwa tuta ili magari yavuke. Magari yakavuka, maji yakagota. Wavuvi walilalamika miaka na mikaka mpaka tuta likafunguliwa na daraja likajengwa ili maji yapite chini yake. Sidai kwamba tuta ndilo lililoleta shida zote za ghuba. Mbolea, majitaka na gugumaji wana hesabu yao. Lakini nilipolitazama tangi langu usiku ule, kigogo kimekaa katikati, bomba la kurudisha maji kushoto, bomba la kuvuta kushoto vilevile kwa sababu ndiko soketi iliko, niliona nimejijengea Mbita yangu mwenyewe.

Wengi wetu tunadhani filta ni mashine ya kuchuja uchafu, yaani maji yawe maangavu, basi. Kwenye tangi lenye mimea hiyo ni nusu ya kazi, na huenda ni nusu ndogo. Hewa ya ukaa, ambayo mmea unaila ili ukue, husafiri ndani ya maji polepole mara kama 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mahindi ya Kitale hayana shida hiyo. Upepo mdogo tu unatosha. Jani lililo majini limevikwa ngozi nyembamba ya maji yaliyosimama. Linakula kilichomo ndani ya ngozi hiyo, kisha linangoja. Maji yakitembea, ngozi inakonda na chakula kinafika haraka. Maji yakisimama, jani linakaa na njaa katikati ya shibe, na mwenye kunufaika na mabaki ni yule wa utando.

Basi nikafanya kosa ambalo kila mwanamume mwenye M-Pesa kwenye simu na jioni isiyo na kazi hulifanya. Nikaongeza nguvu.

Nilikuwa nimesoma kwamba maji ya tangi la mimea yanafaa kuzunguka mara 10 kwa saa. Tangi langu, ukitoa changarawe na kigogo, linabeba lita 130 hivi. Nikapiga hesabu, nikaona nimepungukiwa, nikaagiza pampu ndogo ya kuzamisha, nikaibandika kwenye kioo cha kushoto ikielekea kulia. Nikaiwasha. Loo! Gapi dume, yule mwenye mkia mkubwa wa rangi ya machungwa, alisukumwa nyumanyuma kama mtu aliyefungua mwavuli kwenye dhoruba. Kufikia asubuhi changarawe ya mbele ilikuwa imechimbwa shimo na kulundikwa upande wa pili, kriptokorini mbili zinaelea, na samaki wote wamejibanza nyuma ya kigogo, mahali pekee palipokuwa na amani. Mke wangu akasimama na kikombe chake cha chai, akatazama kwa muda.

"Baba watoto, hawa samaki unawafuga au unawafua?"

Sikuwa na jibu. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa utando. Ulikuwa palepale. Pampu ile ilipiga maji kwa nguvu zote yakagonga kigogo, yakagawanyika, yakapita juu na pembeni, na kule nyuma kulia pakabaki shwari kama bwawa. Wavuvi wa mtoni wanalijua hilo: nyuma ya mwamba mkubwa ndiko maji hutulia, hata mto ukiwa umefura.

Pampu niliitoa siku ya tatu. Ipo kwenye droo. Nikaamua, kabla ya kununua kitu kingine chochote, nijue kwanza nina maji kiasi gani na yanakwenda wapi.

Kiasi kilikuwa rahisi, au nilidhani hivyo. Unachomoa mpira wa kurudisha, unauelekeza kwenye ndoo ya lita 10, unatazama saa. Sekunde 42. Nikafurahi: karibu lita 860 kwa saa, boksi halikunidanganya sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipogundua kwamba ndoo nilikuwa nimeiweka sakafuni. Maji yaliyo tangini juu yakishuka hadi sakafuni yanajivuta yenyewe, hata pampu ikizimwa. Nilikuwa napima pampu na mteremko kwa pamoja. Nikapandisha ndoo juu ya kiti, kiti juu ya meza ya kahawa (usijaribu hili mama mkwe akiwa amekuja kutembea), mpaka mdomo wa mpira ukawa usawa na maji ya tangi. Sekunde 60. Lita 600 kwa saa, mara nne na nusu hivi, si mara 10, si hata mara nane.

Ile 1,000 ya boksini hupimwa filta ikiwa tupu, bila sponji, bila vile vijiwe wanamoishi bakteria wazuri wanaosafisha maji, bila mipira mirefu wala elbo. Ni sawa na kupima mbio za matatu kabla ya abiria kupanda. Watu wengi hulaumu kimo, kwamba maji yanapandishwa kutoka kabatini hadi juu. Kimo hakina kosa kubwa hapo, kwa sababu maji yanayoshuka kwenye mpira mmoja yanawabeba wenzao wanaopanda kwenye mwingine, kama ndoo mbili za kisimani kwenye kamba moja. Kinachokula nguvu ni msuguano: sponji zilizoziba, mpira uliojikunja nyuma ya kabati, ute uliojipaka ndani ya mpira.

Kujua maji yanakwenda wapi kulichukua jioni nzima, na ndiyo jioni niliyoipenda kuliko zote. Nilisaga chakula cha samaki kwenye kijiko mpaka kikawa unga, nikauloweka kidogo usielee, nikazima taa ya sebuleni na kuacha ya tangi pekee. Binti yangu wa darasa la tano akakaa kwenye stuli na saa ya simu. Nikamwaga ule unga mdomoni mwa bomba la kurudisha. Chembe zikatoka mbio kama sentimita 30 kuelekea kigogo, zikapinda, zikarudi chini, na kabla mtoto hajafika kumi nyingi zilikuwa zimemezwa na bomba la kuvuta. Zilitoka na kuingia nyumba ileile. Chache zilizoponyoka zikapita juu ya kigogo, zikaanza kushuka upande wa kulia polepole, polepole. Moja tuliifuata kwa macho mpaka kona. Iliingia nyuma ya kigogo, ikasimama. Haikwenda mbele wala nyuma. Ikatua juu ya utando.

"Imelala," binti yangu akasema.

Kwa hiyo nguvu nilikuwa nazo. Nilichokosa ni njia. Lita 600 zinatosha sana kwa tangi la lita 130 zikitembea nyumba nzima. Hazitoshi hata kidogo zikizunguka mlangoni.

Tiba yake inajulikana kwa wafugaji wa zamani: paipu yenye matundu, ilazwe ukuta wa nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, matundu yaelekee kioo cha mbele. Maji yanatoka kama pazia, yanavuka juu ya tangi, yanagonga kioo cha mbele, yanashuka, yanarudi nyuma chini chini kati ya mimea. Wajapani wa shule ya Takashi Amano, yule msanii wa matangi ya mimea, hupendelea mabomba ya kioo yaliyopinda kama ua la yungiyungi, na yanapendeza kwelikweli, lakini mimi nina kigogo cha kukizunguka na mshahara wa mwalimu.

Jumapili nikaenda soko la Kibuye. Fundi wa paipu akanikatia nusu inchi ya plastiki, urefu wa sentimita 80, na kifuniko cha mwisho.

"Hii ni ya kumwagilia sukuma, mwalimu?"

"Ni ya samaki."

"Samaki wako majini tayari. Unawamwagilia nini?"

Nyumbani nikachukua msumari mnene, nikaupasha moto kwenye jiko la gesi, nikaanza kutoboa. (Fungua madirisha. Moshi wa plastiki ile si wa kuvutwa. Baadaye nilimlipa fundi mwenye drili na ningefanya hivyo tangu mwanzo.) Nilitoboa matundu 30 kwa moyo mkunjufu, kila moja milimita 5 hivi. Nikaifunga, nikawasha, na maji yakatoka kama mkojo wa mtoto mchanga. Zaidi ya hayo hayakutoka sawa: matundu ya karibu na mpira yalilia machozi tu, ya mwisho ndiyo yaliyomwaga.

Hesabu nilipaswa kuifanya kabla ya msumari. Tundu la ndani la paipu yangu lina upana wa milimita 12, yaani eneo la milimita mraba 113. Matundu yangu 30 yalikuwa na jumla ya 589 hivi, zaidi ya mara tano. Unapofungulia maji milango mingi kuliko barabara inayoyaleta, hakuna mlango unaopata msukumo wa maana, na maji yanayokimbilia mwisho wa paipu na kugonga kifuniko ndiyo yanayopata nguvu ya kutoka. Kanuni niliyoishika tangu siku hiyo: jumla ya matundu isizidi sana mlango wa paipu. Tundu la milimita 3 lina eneo la 7 na kitu, kwa hiyo 16 yanatosha. Nikarudi Kibuye kununua paipu ya pili. Fundi hakuuliza kitu, alitabasamu tu.

Paipu ya pili ilifanya kazi usiku uleule. Majani ya valisneria, ambayo upande wa kulia yalikuwa yamening'inia wima kama nguo kwenye enga, yakaanza kulala yote upande mmoja na kuinuka, kulala na kuinuka. Tukamwaga unga. Chembe zikavuka juu, zikashuka kioo cha mbele, zikapotea kati ya mimea, na moja ikatokea nyuma ya kigogo, ikapita kona ile bila hata kusimama kusalimu. "Kumi na tisa," binti yangu akasema. Tukaandika 19, sekunde za safari hiyo, kwa kalamu ya maka ubavuni mwa kabati.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Mimea yangu nailisha hewa ya ukaa kwa njia ya maskini: chupa ya soda ya lita mbili, sukari, hamira na maji ya uvuguvugu. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, kimpira kinaipeleka tangini. Sukari ilivyopanda bei, kila chupa ni kesi ya kinyumbani. Kwa hiyo nilipoona paipu mpya inachafua uso wa maji, nikaingiwa na ubahili. Uso ukichafuka hewa ya ukaa inatoroka. Maji yaliyoachwa tu yakilingana na hewa hubakiwa na nusu miligramu hivi kwa lita, nami nilikuwa nalenga karibu na 30. Nikaishusha paipu sentimita 5 chini ya maji, nikageuza matundu yatazame chini kidogo. Uso ukawa kioo. Kile kipimo kidogo chenye maji ya rangi, kinachogeuka kijani hewa ikitosha, kilikuwa kijani kushoto na kijani kulia, mara ya kwanza tangu nikinunue. Nikalala kwa fahari.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka kuandaa karatasi za mtihani. Nikawasha taa. Samaki wote, wote, walikuwa juu, midomo imechomoza, wakipumua kama watu waliokimbizwa.

Usiku mimea haitengenezi oksijeni, nayo inaitumia kama wengine. Hamira haijui kwamba taa imezimwa, inaendelea kumimina. Maji yangu yalikuwa na joto la nyuzi 28, na Kisumu tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari; kwa joto hilo na kimo hicho maji hayawezi kushika oksijeni zaidi ya miligramu 7 hivi kwa lita, hata ukiyapiga mchana kutwa. Nami nilikuwa nimefunga dirisha pekee ambalo ingeingilia. Wafugaji wa vizimba ziwani wanaijua alfajiri ya namna hiyo, na wao hupoteza samaki kwa tani. Mimi nilipoteza tetra watatu. Nilichota maji kwa jagi nikiyamwaga kutoka juu, nikamwaga, nikamwaga, mpaka watoto wakaamka wakidhani bomba limepasuka.

Sasa paipu imekaa milimita chache chini ya uso, matundu yametazama mbele, yameinuliwa kidogo sana. Uso unatetemeka kama chai ya moto inayopulizwa. Hauruki, haupigi kelele, ila hautulii. Hewa ya ukaa kiasi inanitoroka. Itoroke. Chupa naichomoa taa zikizimwa, kimpira nakining'iniza nje. Na kwa sababu stima huku ina safari zake, najua pia kwamba paipu nzuri haina maana pampu ikizima: ikipita saa mbili tatu nafungua mkebe, natoa sponji na vijiwe, naviweka ndani ya besheni yenye maji ya tangi, kina kifupi, vipate hewa. Bakteria wanaokula amonia wanahitaji oksijeni, na ndani ya mkebe uliofungwa wanaimaliza wenyewe. Ukiwasha baada ya usiku mzima bila kusuuza, kinachoingia tangini kinanuka yai viza.

Utando sikuua kwa dawa yoyote. Niliunyonya mara ya mwisho mwezi wa tatu, nikangoja Jumatano. Ukarudi kidogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Jumatano iliyofuata haukuonekana. Kwenye anubiasi moja iliyo upande wa ndani wa kigogo bado kuna zile ndevu nyeusi za mwani, na zinastahili kuwapo, kwa kuwa unga haupiti pale. Nitakigeuza kigogo likizo ikifika.

Kila Jumamosi tunamwaga unga. Binti yangu hanisubiri tena, anazima taa ya sebuleni mwenyewe na kupanda stuli. Ubavuni mwa kabati sasa kuna safu nzima ya nambari, ambazo mama yake ameahidi kuzifuta: 19, 19, 20, 21, 21, 24. Juzi chembe ilizunguka mpaka tukadhani imelala.

"Thelathini na moja, baba."

Nikaenda kutafuta ndoo ya kusuuzia sponji.